Nahodha Hayupo Mtandaoni

"Naomba mai, dada."

Hapo ndipo tulipomwacha Konstebo Kagendo wiki iliyopita. Yuko ndani ya seli, jagi la plastiki mkononi, mbele ya kijana aliyefungwa kitambaa machoni. Hajawahi kumwona kijana huyo maishani mwake. Lakini sauti ile! Ameisikia sikioni mwake karibu kila jioni kwa miaka mitatu.

Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza kama alimjibu. Alimjibu.

"Nahodha?"

Kijana aliinua kichwa ghafla.

"Chui? Ni weye? Wamekushika na weye?"

Kagendo alitazama mlango. Hakuna mtu. Akaweka jagi chini, akamfungua kitambaa.

Mahir alipepesa macho kwa sababu ya mwanga. Kwanza akaona mkanda. Halafu kofia. Halafu jina lililoshonwa kifuani. Akajisukuma nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Kumbe u mmoja wao."

"Mahir, ngoja nikueleze."

"Ulituambia wafanya kazi ofisini."

"Hii ni ofisi."

Hakuna aliyecheka.

Kwa yule anayetusoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Kuna mchezo wa simu uitwao Ngome. Watu watatu watatu huunda kikosi, huvamia miji ya mle ndani na kupigana na vikosi vingine, huku wakiongea kwa visikilizi vya masikioni. Mahir, fundi wa mashine za boti kutoka Siyu, ndiye Nahodha. Asmaa wa Kipungani, anayesuka mikeka, ndiye Ukindu. Na Kagendo, msichana wa Meru aliyeletwa Lamu na kazi ya polisi, ndiye Chui. Hawajawahi kuonana. Wanajuana majina, wanajua makwao, basi.

Lakini msidhani ni urafiki wa kupoteza wakati. Ramadhani, adhana ya magharibi ikilia, Mahir na Asmaa huweka simu chini wafuturu. Watu wao mle mchezoni husimama tu kama magogo, hawana wa kuwaongoza. Na Chui huwazunguka peke yake, akipigana na kila anayekuja, mpaka amsikie Mahir akirudi na tende mdomoni: "Tuko hai?" Kagendo humjibu, "Mko hai."

Na babake Kagendo alipofariki, akanyimwa ruhusa ya kwenda mazishini, wale wawili walikaa naye juu ya kilima kimoja cha mchezoni jioni nzima. Hawakupiga risasi hata moja. Asmaa alimsomea dua asizozielewa. Mahir alimuuliza mzee alikuwa mtu wa aina gani, na akasikiliza mpaka mwisho.

Huyo ndiye Mahir aliyekuwa sakafuni, mdomo umepasuka.

"Wasema nina mabomu," alisema. "Chui, mimi hata fataki siyui kuwasha. Waambie. Weye wayua."

"Nitawaambia."

"Waambie sasa!"

"Kagendo!"

Sauti ya inspekta wake ilitoka kwenye korido. Kagendo alirudisha kitambaa, na Mahir hakusema neno wakati anafungwa tena. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Angalau angemtukana.

*

Inspekta Jabez alikuwa mezani, mkate na chai mbele yake, na simu ikicheza rekodi.

"Kaa. Sikiliza hii. Raia mwema ameirekodi kwenye jeti ya boti, akiwa nyuma ya huyo kijana."

Upepo ulivuma kwenye rekodi. Kisha sauti ya Mahir, wazi kabisa:

"Kesho twaingia bandarini. Chui apite nyuma ya matangi ya mafuta. Ukindu alipue daraja. Asibaki mtu."

Mwanamke akajibu kutoka kwenye simu iliyowekwa sauti ya nje, mbali, kwa mikwaruzo: "Daraja niachiani mimi."

Na mwanamke wa pili, akicheka: "Mabomu ninayo manne, Nahodha. Yanatosha?"

Kagendo alikitambua kicheko kile. Aliyekuwa anacheka ni yeye.

Jabez alizima. "Unajua bandari mpya iko wapi kutoka hapa?"

"Najua, afande."

"Basi fikiria. Mwanamume tunaye. Tunawataka hao wanawake wawili. Wa kwanza ni wa hapa hapa visiwani. Lakini huyu wa pili..." Akainua kidole. "Huyu si mpwani. Sikiliza anavyotamka. Huyu ni mtu wa bara, kama mimi na wewe. Ndiye hatari zaidi."

Alimtazama Kagendo machoni. Kagendo alimtazama pia. Sijui alipata wapi nguvu. Kazini alikuwa mtu wa "ndiyo afande, hapana afande." Hapakuwa na mtu kituoni aliyewahi kumsikia akicheka, na hilo ndilo lililomwokoa asubuhi ile.

"Afande," alisema polepole, "hii inaonekana kama mchezo wa simu. Vijana wengi wanaucheza. Unaitwa Ngome. Una bandari, una daraja."

"Wewe umejuaje?"

"Nimewaona tu wakicheza."

Jabez aliuma mkate, akatafuna.

"Sasa nikueleze kitu. Jana nimewaambia wakubwa kwamba nimevunja mtandao wa watu watatu. Wamenipongeza. Leo niwapigie simu niwaambie ni mchezo wa watoto? Atakayechezewa hapo ni nani?"

"Lakini kama ni kweli, afande? Mapambano na mazungumzo yote huwa yanahifadhiwa kwenye kikosi chao, na sauti zao ndani yake. Unaweza kusikia maneno hayo hayo ukitazama mchezo wenyewe."

Inspekta aliacha kutafuna. "Nitafutie nione."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Kagendo alipumua vizuri. Alikwenda nyuma ya kituo, kwenye tangi la maji, akatoa simu yake na kufungua mchezo. Alijua pa kwenda. Pambano la bandarini lilikuwa la juzi tu, na wao watatu walishinda.

Skrini iliwaka. Badala ya jina la kikosi chao palikuwa na mstari mmoja wa maandishi mekundu.

*Kikosi hiki kimevunjwa na kiongozi wake. Kumbukumbu zote zimefutwa.*

Kiongozi wa kikosi alikuwa Asmaa.

*

Kagendo alimwambia Jabez hajaipata, akamaliza zamu saa sita mchana. Alivua sare, akavaa dera na kujitanda leso, akachukua bodaboda mpaka jeti, na hapo akakodi boti hadi Kipungani. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia Asmaa, na alipokanyaga mchanga wa kule yote yalikuwa yamemtoka.

Kumpata hakukuwa kazi. Kijiji ni kidogo, na Asmaa anayecheza na simu alikuwa mmoja tu. Walimwonyesha ua wa makuti. Ndani, mwanamke mnene wa umri wake alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mkeka nusu mapajani. Kando yake alikaa mama mzee, macho meupe, akipanga ukindu kwa kupapasa.

"Asalaam aleikum."

Mwanamke yule aliitambua sauti kabla hajainua uso. Mikono ikasimama.

"Chui?"

"Ni mimi."

Asmaa aliinuka, mkeka ukaanguka, akamkumbatia kwa nguvu hata Kagendo akakosa pumzi. Alinuka moshi na asumini. Alimshika mashavu akamgeuza huku na huku.

"Mbona u mwembamba hivi? Sauti yako ni ya mtu mkubwa!" Halafu uso ukambadilika. "Nahodha wamemtukua. Umesikia?"

"Nimesikia. Asmaa, kwa nini umevunja kikosi?"

Asmaa alimtazama mama mzee, akamvuta Kagendo mpaka pembe ya ua.

"Nimeogopa. Dadake Mahir, Hayat, alipata namba yangu kwa watu wa hapa, akanipigia akilia, asema kaka ameshikwa kwa maneno ya bandari. Nikayua ni ule mchezo. Nikafuta kila kitu. Ndiyo nimefanya vibaya?"

"Ule ndio ulikuwa ushahidi wake."

Asmaa alijishika mdomo. Kuku alipita katikati yao.

"Nina kakangu," alisema mwishowe, "aitwa Ammar. Aliitwa Ammar. Wallahi hata siyui niseme vipi. Alitukuliwa sokoni na watu wa gari jeupe, mtana wa jua kali, watu waona. Mamangu alikuwa na mato mazima, aona, wakati huo. Tumekwenda kila kituo. Kila mtu asema hayupo. Hatuna hata kaburi la kusomea. Basi niliposikia bandari, mabomu, mimi sikufikiri ushahidi. Nilifikiri mlango wangu."

Kagendo alitazama chini. Bado hakuwa amesema kazi yake.

"Asmaa, ukija mwenyewe ukaeleza kwamba sauti ile ni yako, na kwamba ulikuwa mchezo, huenda wakakusikiliza. Wewe ni mama wa watu, una jamaa, una kijiji kizima cha kukushuhudia."

"Na weye utasema nami? Sauti ya pili ni yako."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo palipokuwa pagumu.

"Mimi ni polisi," Kagendo alisema. "Mahir yuko kwenye kituo changu. Leo asubuhi mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Asmaa hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, kama Mahir alivyofanya, na Kagendo akaona kwamba kwa siku moja amewatia marafiki zake wote wawili woga ule ule.

"Toka kwangu," Asmaa alisema kwa sauti ya chini, mamake asisikie.

"Asmaa..."

"Wataka mimi niende nikaseme, na weye umeketi upande wa pili wa meza, kimya, unanitazama? Toka."

Kagendo alitoka. Alikuwa ameshafika kwenye boti, mguu mmoja majini, aliposikia anaitwa. Asmaa alikuja mbio, buibui begani hata hajalivaa vizuri, uso umelowa.

"Alikaa nami usiku kucha mamangu alipokuwa hospitali," alisema. "Mahir. Simu masikioni mpaka alfajiri, ati nisisinzie nikapitwa na daktari. Kesho nitakuya na ami yangu. Nitasema ni mimi. Weye fanya utakalo."

"Nitasema na mimi," alisema Kagendo.

Na alipolisema, alilikusudia. Nataka mlijue hilo.

*

Asubuhi yake Kagendo alifika kituoni mapema, maneno yako tayari mdomoni. Alipita moja kwa moja kwenye korido.

Mlango wa seli ulikuwa wazi. Sakafu imedekiwa. Jagi la plastiki limeoshwa na kufudikizwa dirishani.

"Mahabusu yuko wapi?" alimuuliza Jabez.

"Mahabusu gani?"

"Mahir, afande. Yule wa Siyu."

Inspekta alikuwa akichokora meno. "Amechukuliwa alfajiri."

"Na nani? Amepelekwa wapi?"

"Kagendo, una miaka mingapi kazini? Kuna maswali mtu huuliza, na kuna maswali mtu humwachia Mungu. Hapa kwetu hakufika mtu anayeitwa Mahir. Umeelewa?"

"Afande, nilimpa maji kwa mkono wangu."

"Ulikuwa na kiu wewe mwenyewe. Nenda kaunta."

Akaenda kaunta. Niambieni, mngefanya nini? Apige kelele, amwite nani? Wote waliokuwa na bunduki pale walikuwa wenzake.

Alimpigia Asmaa, kwa namba aliyopewa jana pale kwenye boti, kumwambia asije. Simu haikushikwa. Akatuma ujumbe mmoja: *Usije. Ameondolewa. Usije.*

Hajamaliza kuweka simu mfukoni, msichana akaingia. Kijana mwembamba, mtandio wa kijivu, kikapu cha chakula mkononi. Alinyanyua uso, na Kagendo akaona pua ile ile na nyusi zile zile za yule wa sakafuni.

"Habari ya asubuhi, afande. Naitwa Hayat. Nimemletea kakangu chai na mikate ya sinia. Waliniambia yuko hapa."

Nyuma ya Kagendo, kiti cha Jabez kililia. Inspekta alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, amekunja mikono, anasikiliza.

"Kakako nani?" Kagendo aliuliza.

"Mahir. Mahir wa Siyu, fundi."

Kagendo aliona mvuke ukitoka kwenye kikapu. Mtu alikuwa ameamka usiku kuoka mikate ile, akavuka nayo maji, bado ina moto kwa sababu ameifunga na nguo.

"Hayupo," alisema.

"Labda ameandikwa kwa ina la baba. Tafadhali tazama tena, dada."

"Hayupo hapa. Hajafika hapa."

Msichana alikaza fundo la nguo iliyofunika kikapu. Halafu akasema polepole, kwa heshima kamili, neno lililomkata kuliko kisu:

"Basi ahsante. Chakula nakuatia weye, kitapoa. Ukimwona mtu mwenye ndaa, mpe."

Akaweka kikapu juu ya kaunta, akaondoka. Kagendo alimwona kwa dirisha akipita njia ya mchanga kurudi jeti, akisimama, akiangalia nyuma, akiendelea.

Jabez alikohoa. "Umefanya kazi nzuri." Akarudi ofisini, akafunga mlango.

Kagendo hakukigusa kikapu. Aliketi. Mle ndani alimsikia Jabez akivuta droo, akitoa kitu. Kituo kilikuwa kimya. Wenzake walikuwa wametoka doria. Ndipo simu ikatikisika pajani mwake.

*Nahodha amekualika katika kikosi kipya.*

Moyo ulimruka. Amepona! Ameachiwa! Ameshika simu yake! Visikilizi aliviingiza masikioni, kipaza sauti chake akakiacha kimezimwa, akakubali.

Skrini ikamwonyesha kilima. Nahodha alikuwa amesimama juu yake, peke yake, hasogei. Na mara, kando, akatokea Ukindu. Asmaa, aliyeshindwa kupokea simu na ambaye ujumbe alikuwa bado hajausoma, alikuwa hapa.

"Nahodha!" Sauti ya Asmaa ilipasuka kwa kilio na kicheko. "Ni weye? Alhamdulillahi! U mzima? Nena nami!"

Kisha mtu akanong'ona, kama mgonjwa: "Ni mimi. Nimetoroka. Nisaidie. Uko wapi?"

Kagendo akageuka kutazama mlango wa ofisi.

Maana maneno yale aliyasikia mara mbili. Mara ya kwanza kupitia mlango wa ofisi, kwa mbali. Mara ya pili sikioni mwake. Mahir hakutoroka. Simu yake ilikuwa mkononi mwa Jabez. Na aliyemfundisha Jabez kwamba kuna mchezo unaoitwa Ngome, aliyemweleza jinsi unavyochezwa, alikuwa Kagendo mwenyewe, jana, akidhani anaokoa mtu.

"Niko ndiani, Nahodha!" alisema Asmaa. "Niko na ami yangu, twaja huko huko kituoni kukusemea. Lakini ikiwa umetoka, n'ambia ulipo, tukufuate! Wallahi Chui alisema..."

"Chui," sauti ilinong'ona. "Chui ni nani hasa? Nimegongwa kichwa, sikumbuki. Nikumbushe jina lake. Nikumbushe na lako."

"Mahir, hunikumbuki? Mimi ni..."

Kidole cha Kagendo kilikuwa juu ya alama ya kipaza sauti. Akinyamaza, Asmaa atamaliza sentensi ile, na kesho kutakuwa na gari jeupe Kipungani, na mama asiyeona akipapasa mkeka uliobaki nusu. Akisema neno moja, litasikika nyuma ya mlango ule.

Alimfikiria Hayat njiani, akiangalia nyuma.

Akabonyeza.

"Ukindu, toka! Si yeye! Rudini nyumbani, tupa hiyo simu baharini, toka!"

Sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka ndani ya ofisi, imechelewa kidogo, ikipiga kelele kwenye simu ya Mahir. Kwenye skrini, Ukindu alisimama nusu sekunde. Kisha akatoweka. Kilima kikabaki na wawili.

Nyuma ya mlango, kiti kikasukumwa.

Hakukuwa na haja tena ya kunong'ona. Sauti ilikuja masikioni mwake na mlangoni kwa pamoja, tulivu, kama mtu anayemwita mwenzake wanywe chai.

"Konstebo Kagendo. Funga mlango wa nje, halafu uje huku. Na uje na hivyo ulivyovaa masikioni."